Habari Iliyokosa Panya

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Tusekile alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine darasani kwake aliyekuwa nayo. Kufagia uwanja na kuanika kakao kwenye jamvi zilikuwa kazi zake pia, lakini hizo zilingoja. Kazi ya kwanza ilikuwa kutangulia njiani mbele ya mama yake, umbali wa kutosha, na kuangalia kama Babu anakuja.

Akimwona Babu, alitakiwa kukohoa. Mama yake, Marta, akisikia kikohozi hicho, aliiacha njia na kuingia popote palipokuwa karibu: shamba la mpunga, migombani au kwenye matete. Huko aliinama na kujifunika uso kwa kanga mpaka Babu apite. Babu naye alipita akitazama mbele kama mtu asiyejua lolote, ingawa mwanamke mnene kama Marta hafichiki nyuma ya mgomba mmoja.

Hawakuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima. Wanyakyusa huiita ukutila: mke hamtazami baba mkwe wake usoni, hamtaji jina, wala hakutani naye njiani. Pale kijijini Bujonde familia nyingi zimeshailegeza desturi hiyo, na wake wa siku hizi huwapigia wakwe zao simu kuomba nauli bila hata kupepesa macho. Lakini Marta alilelewa na bibi aliyeshika mila kwa mikono miwili, na tangu aolewe hakuwahi kuuona uso wa baba wa mumewe. Watu walimsifu sana kwa hilo. "Lameck amepata mke," walisema.

Sasa utauliza, mtu anayemkwepa mkwe wake anapita kila siku mbele ya nyumba yake kutafuta nini? Alitumwa na daktari.

Marta alikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Ulimtoa damu nyingi kila mwezi, mpaka midomo yake ikapauka. Daktari Naila, aliyemtibu hospitalini mjini, alimwambia wazi kwamba uvimbe ule lazima utolewe. Tatizo lilikuwa presha, ambayo ilikuwa juu sana, na uzito wa mwili.

"Nikikulaza usingizi leo kwa operesheni, siwezi kuahidi kwamba utaamka," Daktari Naila alisema. "Meza dawa za presha kila siku, punguza wali na mafuta, na utembee kila asubuhi. Tuonane mpunga ukishavunwa. Ukipungua hata kidogo na presha ikashuka, nitakufanyia."

Marta alianza kutembea. Lakini masika ya Kyela hayana mchezo. Njia zote za kijijini huwa tope na maji, isipokuwa moja iliyoinuliwa, inayokwenda mpaka barabara kuu. Na njia hiyo, kwa bahati mbaya, ilipita mbele ya nyumba ya Babu, mzee asiyependa kulala jua likichomoza.

Siku moja Tusekile alikohoa, na mama yake akaingia kwenye mpunga kwa haraka. Magoti yakamsaliti. Alianguka kifudifudi kwenye tope na hakuweza kuinuka. Babu alipita. Tusekile na wanawake wawili waliokuwa wakipalilia ndio waliomvuta, na mmoja wao alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Ee Mama Tuse, mbona mwili unakwisha?" aliuliza. "Lameck hakupi chakula siku hizi, au kuna ugonjwa unatuficha?"

Pale kijijini unene wa mke ni cheti cha mume. Mwanamke akikonda, majirani hawaulizi amefanya mazoezi gani. Wanauliza anaumwa nini, au anateswa na nani.

Nyumbani Marta alikaa kwenye kigoda na kulia bila kujificha. "Basi tena," alisema. "Magoti yamekataa na watu wananicheka. Kama ni kufa, nitafia nyumbani kwangu na mwili wangu huu huu."

Maneno hayo yalimchoma Tusekile. Mama yake mdogo, Lucy, alikuwa ameondoka kwa damu ya namna hiyo hiyo, na Tusekile aliyakumbuka mazishi yake vizuri. Hakuwa tayari kwa mengine.

Wiki hiyo, katika somo la sayansi, Mwalimu Eliud alikuwa akifundisha vyakula vinavyotia nguvu. Alikuwa mwalimu mchangamfu, mwenye sauti ya kwaya, na alipenda maswali kuliko wanafunzi wake walivyopenda kuuliza. Tusekile alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mafuta ya mwilini yakishajaa, yanaweza kuondoka bila mtu kutembea?"

Darasa likacheka. Mwalimu Eliud hakucheka.

"Swali zuri," alisema. "Mwilini kuna mafuta meupe na mafuta ya kahawia. Meupe ni kama ghala la mpunga: yanaweka akiba, yanakaa. Ya kahawia ni kama moto wa jikoni: yanaunguza akiba ili mwili upate joto. Watoto wachanga wanayo mengi, ndiyo maana wanaweza kuvumilia baridi kidogo ingawa hawajui kutetemeka. Sasa, kuna wataalamu wanaojaribu kuyageuza mafuta meupe yafanye kazi kama ya kahawia. Njia mojawapo wanayoichunguza ni baridi."

"Na yanageuka?" Tusekile aliuliza.

"Kwa panya yamegeuka, na panya wakapungua. Kwa watu, bado. Baridi huamsha mafuta ya kahawia kidogo, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba mtu mnene anaweza kutibiwa hivyo. Tusubiri. Sayansi haikimbizwi."

Tusekile aliisikia habari yote. Nataka ujue hilo, maana baadaye wengine walidhani kwamba hakuelewa. Alielewa vizuri sana. Lakini akiwa njiani kurudi nyumbani alianza kuipunguza. Aliwaza kwamba panya ana damu, ana moyo, ana mafuta, na tofauti yake na mtu ni mkia tu. Alipofika kwenye migomba ya kwao, panya wote walikuwa wameshatoka kwenye habari ile.

"Mama," alisema, "Mwalimu Eliud amesema mtu akikaa kwenye baridi, mafuta meupe yanageuka kuwa ya kahawia, kisha yanajiunguza yenyewe. Huhitaji kutembea."

Marta aliacha kupepeta mchele. "Mwalimu amesema?"

"Amesema."

"Hakuna hatari?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli, nafasi pana kama uwanja. Tusekile aliutazama uso wa mama yake. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya tope, ulikuwa na nuru.

"Hakuna," alisema.

Lakini baridi utaipata wapi Kyela, nchi ambayo hata kivuli kina joto? Ilikuwapo sehemu moja. Nyuma ya mashamba ya kakao kulikuwa na kijito kilichoshuka kutoka upande wa milimani na kwenda kuingia mto Kiwira. Miti ilikifunika pande zote, jua halikukifikia, na asubuhi za mwezi wa sita maji yake yaliuma mifupa. Mahali pamoja kilipanuka na kufika shingoni, nyuma ya matete marefu. Hapo ndipo mama na mwana walipoanza kwenda kabla ya jua kupanda. Marta alizama na kanga yake mpaka shingoni, akang'ata meno, na Tusekile akakaa ukingoni kulinda.

Marta aliacha kabisa kutembea. Kwa nini ahangaike, na maji yanamfanyia kazi? Wali ukarudi kwenye sahani, na ndizi zilizoungwa kwa mawese zikarudi pembeni yake. "Mafuta mapya yakiingia, baridi itayakuta huko huko," alisema huku akicheka. Tusekile alicheka naye, lakini hakumaliza chakula chake. Alitaka kusema. Kila alipotaka, aliuona uso ule wenye nuru, akanyamaza. Akajiambia kwamba huenda panya na watu ni kitu kimoja.

Asubuhi moja yenye ukungu, Marta akiwa ndani ya maji, Tusekile alisikia majani yakichakacha. Babu akatokea kwenye njia ya kakao, amevaa koti lake kuukuu na kubeba mgono wa kutegea samaki. Tusekile akakohoa. Nyuma ya matete, mama yake alishusha kichwa mpaka maji yakagusa kidevu, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Kwa mke aliyelelewa kama yeye, kutoka majini na kanga iliyoganda mwilini mbele ya baba mkwe ni aibu isiyoweza kusimuliwa.

"Mwagonile, Babu," Tusekile alisalimia.

"Ndaga, mjukuu wangu. Unafanya nini huku peke yako na baridi hii?"

Tusekile angeweza kusema, "Babu, mama anaoga, tafadhali rudi." Mzee angegeuka mara moja, na habari ingeishia hapo. Lakini Babu angeuliza baadaye kwa nini mtu mgonjwa anaoga kijitoni alfajiri. Babu na Mwalimu Eliud waliimba kwaya moja. Babu angemuuliza Mwalimu, na panya wangerudi kwenye habari.

"Nilikuja kuchota maji," alisema.

"Ndoo iko wapi?"

Hakukuwa na ndoo. "Imechukuliwa na maji," alisema Tusekile.

"Lo! Basi usilie." Babu alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliowaponza. Aliweka mgono chini, akakata ufito mrefu uliopinda nchani kama ndoano. "Kijito hiki nakijua. Ndoo haiwezi kufika mbali, itakuwa imenasa kwenye mizizi. Nitakutafutia."

"Haina haja, Babu! Ilikuwa imetoboka!"

"Hata iliyotoboka inachota kidogo," alijibu Babu, akaanza kazi.

Alitafuta kwa utulivu wa wazee, mzizi kwa mzizi. Alishuka kidogo, akapanda tena. Kila Tusekile alipodhani kwamba anaondoka, Babu alikumbuka kona nyingine. Mwanzoni Tusekile alikuwa akisikia meno ya mama yake yakigongana nyuma ya matete, na aliimba ili Babu asiyasikie. Kisha akaacha kuyasikia. Alidhani ni nafuu. Hakujua kwamba mwili uliopoa sana huacha kutetemeka.

Babu aliinua ndoano yake. Haikuwa imenasa ndoo. Ilikuwa imenasa kanga.

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

Tusekile alipiga kelele ambayo watu waliokuwa mashambani waliisikia. "Ni mama! Babu, mama yuko kwenye maji!"

Mzee hakuuliza mengine. Alijitupa majini na koti lake, akayafungua matete kwa mikono, akamkuta Marta ameegemea mzizi, macho nusu wazi, maji yakimwingia mdomoni. Alimshika chini ya mabega na kumvuta. Marta alikuwa mzito na Babu alikuwa mzee. Aliteleza, akazama, akainuka tena bila kumwachia. Tusekile akaingia kusukuma. Lazaro, jirani yao aliyekuwa akivuna kakao, alikuja mbio, na wote watatu wakamtoa mpaka kwenye majani.

Babu alivua koti, akalikamua, akamfunika. Hapo ndipo Marta alipofanya jambo ambalo Tusekile hatalisahau. Hakuweza kusema, midomo ilikuwa imebadilika rangi, lakini mkono wake ulipapasa chini, ukapata jani la mgomba, na ukajaribu kulivuta juu ya uso. Alikuwa anakaribia kufa, na bado alikuwa anamficha mkwe wake uso.

Babu alilishika lile jani na kuliondoa taratibu. Machozi yalikuwa yakimtiririka kwenye ndevu.

"Acha, mwanangu," alisema. "Acha."

Marta alilazwa hospitalini kwa homa ya mapafu. Kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama atapona. Mpunga ulivunwa bila yeye, ukapigwa bila yeye, na siku aliyopangiwa kuonana na daktari ilipita akiwa kitandani, akipumulia mashine. Operesheni ikaahirishwa, na hakuna aliyesema mpaka lini. Tusekile alikaa kwenye benchi la korido na kuomba Mungu, lakini hata katika maombi yake hakutaja panya.

Marta alipoweza kusema, Daktari Naila alimuuliza, "Nani alikuambia ukae kwenye maji baridi?"

"Mwalimu wa sayansi," alijibu Marta kwa sauti ndogo. "Alimfundisha mwanangu. Mafuta meupe yanageuka kahawia."

Lameck, baba yake Tusekile, aliinuka kwenye kiti. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa mwingine. "Mwalimu Eliud? Anayeimba nasi kanisani? Nakwenda kwa ofisa elimu leo hii. Mtu wa namna hiyo hafai kufundisha hata mbuzi. Nitahakikisha ameondolewa!"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Akilini Tusekile alimwona Mwalimu Eliud akifunga vitabu vyake kwenye boksi, kwa kosa ambalo hakulitenda.

"Baba," alisema. "Mwalimu alisema panya."

"Nini?"

"Alisema ni panya. Panya ndio waliopungua. Alisema kwa watu bado, tusubiri." Sasa alikuwa analia kwa kwikwi. "Mimi ndiye niliyewatoa panya. Na ndoo, Babu, hakukuwa na ndoo. Nilikudanganya. Ulikuwa unatafuta kitu ambacho hakipo, na mama yuko kwenye maji."

Babu, aliyekuwa amesimama nje ya mlango kwa sababu ya desturi yake, aliegemea ukuta kwa mkono mmoja. Lameck alirudi polepole na kukaa. Hakumpiga. Pengine angempiga, ingekuwa rahisi kwa Tusekile.

Daktari Naila alimtazama Tusekile. "Mwalimu wako alisema kweli," alisema. "Mafuta ya kahawia yapo. Wataalamu wanaendelea kutafuta namna ya kuyaongeza, na labda siku moja kutakuwa na dawa. Labda. Leo sina. Sina kidonge, sina sindano ya kugeuza mafuta, na hakuna kijito kinachofanya hivyo. Na mtu mwenye presha na upungufu wa damu, baridi kali inaweza kumsimamisha moyo." Akamgeukia Marta. "Sitakudanganya na mimi. Tumerudi nyuma kuliko tulipoanzia. Uvimbe bado upo, damu imepungua zaidi, na mapafu yamechoka. Kitakachokusaidia ni kile kile: vidonge, chakula, miguu. Na siwezi kuapa kwamba tutawahi."

Tusekile alitamani daktari aseme neno moja tu la matumaini. Hakulisema.

Jioni, wengine walipotoka, Marta alimwita mwanawe karibu. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu panya?"

"Ulikuwa umefurahi, mama. Niliogopa utasema tena kwamba utakufa."

Marta alijiinua kidogo kwenye mto. "Tuse, ningekasirika wiki nzima baada ya lile tope, kisha ningeinuka. Najijua. Ningetembea hata uwanjani kwetu nikizunguka jiko. Ile furaha uliyonipa ndiyo iliyonikalisha chini. Nilikula wali wangu kwa amani, nikidhani napona." Alikohoa, akangoja pumzi irudi. "Mgonjwa anaweza kubeba habari mbaya. Mimi nimebeba nyingi. Lakini ukinipa habari ukiwa umeikata, mimi sijui kama imekatwa. Naikanyaga yote kama daraja zima. Usimkatie mtu habari, hata kama unampenda. Hasa kama unampenda."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila mapafu yangu hayajui kusamehe, kwa hiyo tuyasubiri yenyewe."

Kesho yake Tusekile alikwenda na baba yake kwa Mwalimu Eliud kumwomba radhi. Mwalimu aliwasikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Alisema tu kwamba siku nyingine, habari ikiwa ya kumpelekea mgonjwa, ataipeleka mwenyewe.

Marta aliporudi nyumbani alikuwa dhaifu kuliko alipoondoka. Alitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, akapumzika. Kutoka mlangoni mpaka jikoni, akapumzika. Njia ya barabarani hakuithubutu. Magoti yake hayakuweza tena kuingia kwenye tope na kutoka, na kando ya njia ile aliishi yule yule ambaye hakupaswa kukutana naye. Tena sasa aibu ilikuwa kubwa zaidi, kwani mzee huyo alikuwa amembeba mikononi.

Siku moja Babu alikuja, akasimama nje kama kawaida, akamwita mwanawe Lameck. Alikuwa amemshika jogoo mkubwa mweupe. Marta alisikia sauti yake kutoka ndani, akajifunika.

"Mwambie mkeo," Babu alisema, kwa sauti ya kutosha kumfikia mwenyewe, "kwamba miaka yote hii nilikuwa namwona. Nilimwona akiingia kwenye mpunga wangu na magoti yake mabovu. Nilimwona siku ile alipoanguka. Nilipita. Nilijidai kuwa sioni, kwa sababu nilipenda kusikia watu wakisema mkwe wa fulani ana heshima. Heshima ile niliila peke yangu, yeye alikula tope." Alimkabidhi Lameck jogoo. "Mimi na yeye ukutila umekwisha kule majini. Mwambie jogoo huyu, kwa desturi, ni wa kuufunga. Mwambie njia ni yake."

Lameck hakuwa na haja ya kurudia maneno yale ndani. Marta alikuwa amesikia, na kanga yake ilikuwa imelowa machozi.

Hata hivyo zilipita siku nyingi kabla hajathubutu. Siku alipothubutu, kulikuwa na ukungu kidogo na harufu ya kakao mbichi. Tusekile alitangulia mbele kama zamani. Hakuambiwa, miguu yake ilikuwa imezoea. Walipokaribia nyumba ya Babu, mzee alitokea na jembe begani, akaja moja kwa moja kuelekea kwao. Tusekile akakohoa.

Aligeuka haraka kumwona mama yake akiingia migombani. Marta alikuwa amesimama katikati ya njia. Alikuwa anahema, mkono mmoja kiunoni. Kanga ilikuwa mabegani, haikuwa usoni.

Babu alifika, akasimama. Kwa mara ya kwanza, Marta alimtazama usoni mtu huyu akiwa amesimama kwa miguu yake.

"Mwagonile, tata," alisema, akimwita baba.

"Ndaga, mwanangu," alijibu Babu. Aliingia pembeni kwenye majani ili kumpisha, yeye na jembe lake.

Siku hiyo Marta hakufika hata nusu ya njia. Alikaa kwenye kisiki, uso umempauka, akaweka mkono tumboni. Mwezi uliofuata, mizani ya hospitalini ilionyesha alikuwa amepungua kidogo sana, uzito wa kuku labda. Presha ilikuwa imeshuka, ingawa si ya kutosha. Daktari Naila alisema, "Bado. Njoo tena." Hakuongeza neno, na Marta hakumwomba aongeze.

Lakini pale kwenye kisiki, siku ile ya kwanza, Tusekile alipotaka kwenda mbele kuangalia njia, mama yake alimshika mkono.

"Hutanitangulia tena," alisema. "Nilikufundisha vibaya. Nilikufundisha kwenda mbele yangu, kuona peke yako, na kuniambia kwa kikohozi. Ukazoea kuchagua nini nijue." Aliinuka kwa shida, akauweka mkono wake mzito begani kwa mwanawe. "Tembea hapa kando yangu. Nikijikwaa, tujikwae wote. Na ukiona kitu huko mbele, kizuri au kibaya, uniambie chote."

Tusekile aliangalia mbele. Njia ilikuwa ndefu mpaka barabarani.

"Mama," alisema, "bado ni mbali sana."

"Ndiyo hivyo," alijibu Marta. "Asante kwa kuniambia." Wakaendelea kutembea.